Saa za sukari: kinachotoboa meno ya vijana

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayesoma shule ya kutwa jijini Dar es Salaam huamka saa kumi na moja alfajiri. Anapiga mswaki, anakunywa chai ya rangi iliyokolea sukari na andazi, kisha anakimbilia kituoni. Ndani ya daladala anamumunya pipi mbili alizorudishiwa dukani badala ya chenji. Saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, ananunua juisi ya ukwaju ya mfuko na biskuti. Kipindi cha hesabu kinamkuta na kipakiti cha ubuyu mfukoni, akichomoa punje moja moja kila mwalimu anapogeukia ubao. Mchana ni chipsi na soda. Jioni, kwenye twisheni, kuna kinywaji cha kuongeza nguvu ambacho hakimalizwi kwa mkupuo: chupa inakaa mezani saa nzima, anapiga funda moja, anaandika, anapiga jingine. Usiku anakula ugali na wenzake nyumbani, halafu saa tano, akiwa kitandani na simu, anashushia chai ya maziwa na kipande cha keki. Analala.

Mama yake akiulizwa atasema mwanawe si mpenzi wa vitu vitamu, na hatakuwa anadanganya. Hakuna hata kimoja katika orodha hiyo kinachomshtua mzazi. Lakini mdomo wa kijana huyo umevamiwa mara nane kwa siku moja, na uvamizi wa mwisho umeachwa uendelee usiku kucha. Msimamo wa safu hii ni kwamba afya ya meno ya vijana wetu inaharibiwa zaidi na ratiba kuliko na kipimo. Idadi ya mara ambazo sukari inaingia mdomoni, muda inaokaa humo, na kile kinachoingia mwisho kabla ya kulala ndivyo vinavyoamua nani atafika miaka 20 akiwa na magego yake yote. Matangazo ya dawa za meno na mahubiri ya walimu kuhusu pipi yanaligusa jambo hili kwa mbali tu.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuanza na ukoga, ule utando laini ambao ulimi huuhisi mtu anapoamka. Ukoga si mabaki ya chakula peke yake; ni makazi ya bakteria walioshikamana na jino. Miongoni mwao yumo Streptococcus mutans, aliyetambuliwa na mtafiti J. Kilian Clarke jijini London mwaka 1924 alipokuwa akichunguza meno yaliyooza. Bakteria hawa wanaishi kwa sukari, na taka wanayotoa ni asidi. Asidi hiyo inakaa palepale, katikati ya ukoga na jino, na kuanza kuyeyusha madini ya kalisi na fosfeti yanayoifanya enameli, yaani ganda la nje la jino, iwe ngumu kuliko mfupa.

Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alipima asidi ndani ya ukoga wa watu waliosukutua kwa maji ya sukari. Alichokiona bado kinafundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno. Ndani ya dakika chache pH inaporomoka chini ya 5.5, kiwango ambacho enameli huanza kupoteza madini. Kisha mate yanaanza kazi ya kuizimua asidi, na taratibu pH inapanda tena. Safari ya kurudi inachukua kama nusu saa, mara nyingi hadi saa nzima. Hali ikishatulia, mate yanarudisha kwenye enameli sehemu ya madini yaliyotoka. Kila mdomo wenye afya umo katika mvutano huo wa kupoteza na kurudishiwa, kutwa kucha.

Hesabu yake ni nyepesi. Anayekula mara tatu kwa siku, asiweke kitu kitamu katikati, meno yake yanakaa kwenye asidi kwa saa mbili au tatu, na muda uliobaki mate yanakarabati. Anayeonja sukari mara nane huweza kupita saa sita, saba, na akiwa mtu wa kunywa soda kwa funda, saa hizo zinaungana. Jino lake linakuwa kama ukuta wa udongo unaonyeshewa kila baada ya muda mfupi, usipate jua la kuukausha. Na kumbuka kwamba vijana hawa wawili wanaweza kuwa wamekula sukari ileile kwa uzito.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa njia ya aibu. Kuanzia mwaka 1945, katika hospitali ya Vipeholm huko Lund, nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walifanywa sehemu ya utafiti wa meno bila wao kuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Baadhi walipewa sukari nyingi pamoja na milo, wengine walipewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Waliokula sukari wakati wa mlo walipata matundu machache ya ziada. Waliokuwa wakitafuna tofi mara kwa mara kati ya milo waliharibikiwa vibaya. Utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa leo, na ni vizuri hivyo. Waswidi walichokifanya na maarifa hayo ni kuwashauri wazazi wawape watoto pipi siku moja tu ya juma, Jumamosi, na desturi hiyo ingalipo majumbani mwao hadi sasa.

Kwa nini basi safu hii inamwandama kijana, isimwandame mtoto au mtu mzima? Sababu ya kwanza iko ndani ya jino lenyewe. Gego la pili la kudumu linachomoza kwenye umri wa miaka 12 hivi, karibu wakati uleule ambao magego madogo na chonge nazo zinamaliza kutoka. Enameli ya jino jipya haijakomaa. Inahitaji miaka miwili mitatu ya kunyonya madini kutoka kwenye mate ndipo ikaze. Kwa hiyo kati ya miaka 11 na 15 mdomo umejaa meno machanga yenye mifereji mirefu juu, na nyuzi za mswaki hazifiki chini ya mifereji hiyo. Ni wakati huohuo mzazi anapoacha kusimamia upigaji mswaki, kwa hoja kwamba mtoto ameshakua, na anapoanza kumpa pesa ya matumizi. Udhaifu wa jino na uhuru wa mfuko vinakutana mwaka mmoja.

Sababu ya pili ni balehe. Homoni zinazobadilika zinaifanya fizi iwe nyepesi kuvimba hata kwa ukoga kidogo. Ya tatu ni usingizi. Vijana wanachelewa kulala, na kila saa ya ziada ya kukesha ni nafasi nyingine ya kutia kitu mdomoni.

Tuutazame ubuyu kwa karibu, maana lawama zote huenda kwenye soda na ubuyu unapita bila kuulizwa. Unga mweupe unaozunguka mbegu ya mbuyu una asidi za asili za matunda, ndiyo maana unakunja uso. Mpishi wa ubuyu anachemsha sukari hadi inakuwa shira, anatia rangi nyekundu, iliki, vanila, wengine pilipili, kisha anakorogea mbegu hadi kila punje ivae koti tamu. Mlaji haitafuni. Anaimumunya, anaisukuma shavu hili na lile, anaifyonza mpaka ibaki mbegu tupu, anaitema, anachukua nyingine. Kipakiti cha shilingi mia mbili kinaweza kumaliza vipindi viwili vya darasani. Hapo pana asidi ya tunda, pana sukari inayowalisha bakteria watoe asidi yao, na pana muda mrefu wa kufyonza. Ukimwomba mtaalamu abuni kitu cha kutoboa magego polepole, atakuletea kitu kinachofanana sana na hicho. Hakuna anayesema Zanzibar na Mombasa waache kupika ubuyu. Bakuli moja la ubuyu likiliwa baada ya chakula cha mchana, watu wakiongea, likaisha, halina madhara ya kulinganishwa na punje arobaini zilizotawanywa kuanzia asubuhi hadi jioni.

Shule za bweni zina toleo lao la tatizo hili, tena baya zaidi. Ndani ya tranka la mwanafunzi, pamoja na daftari na sabuni, huwa kuna sukari ya kilo, glukosi ya unga, maziwa ya unga na biskuti. Wakati wa prepo ya usiku, hasa mitihani ikikaribia, unga wa glukosi unalambwa kwa kidole au kwa kifuniko cha kalamu, kwa imani kwamba unaipa akili nguvu. Taa zinazimwa saa nne au saa tano, maji ya bomba yameshakatika, na mwanafunzi anapanda kitandani na utelezi wa sukari juu ya meno. Hapo ndipo fiziolojia inapomgeuka. Mtu akilala, tezi za mate karibu zinasimama kabisa. Yule fundi wa mchana hayupo zamu, na asidi ambayo mchana ingezimuliwa kwa nusu saa inaendelea kula jino kwa muda mrefu zaidi. Kijiko kimoja cha glukosi saa nne na nusu usiku kinaweza kuwa na hatari kuliko vijiko vitatu kwenye chai ya saa moja asubuhi.

Mwezi wa Ramadhani nao unageuza ratiba juu chini. Mchana mdomo umekauka, usiku ni futari, kaimati, tende, visheti, sharubati, hadi daku, kisha vijana wengi wanarudi kulala palepale. Wengine wanaogopa mswaki mchana usije ukaharibu saumu. Wanazuoni wengi wanaruhusu kupiga mswaki bila kumeza kitu, na mswaki wa mti umesuniwa, kwa hiyo mlango haujafungwa. Lakini hata anayependa kujihadhari ana nyakati mbili zisizo na shaka yoyote: baada ya daku kabla ya alfajiri kuingia, na kabla ya kulala usiku.

Mdudu, damu na mkaa

Dhana potofu ya kwanza, na kongwe kuliko zote, ni kwamba jino linaliwa na mdudu. Watu wanasema jino lina mdudu, wanamtafuta wa kumtoa, na kuna waganga wanaoonyesha kitu cheupe kilichotoka mdomoni kama ushahidi. Hakuna mdudu. Tundu ni kazi ya asidi. Ubaya wa imani hii ni kwamba inamfundisha kijana kungoja. Kama adui ni mdudu, basi tatizo linaanza siku mdudu anapouma. Kabla ya hapo hakuna la kufanya. Ukweli ni kwamba jino linapoanza kuuma, asidi imeshapita enameli na kuingia kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, karibu na mshipa wa fahamu. Dalili ya kwanza huja miezi mingi kabla, na haiumi: ni doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, karibu na ufizi au pembeni mwa mfereji wa gego. Doa hilo bado linaweza kurudishiwa madini kwa mate na floraidi. Tundu haliwezi.

Ya pili inahusu damu. Kijana anaona mate mekundu anapotema dawa ya meno, anahitimisha kwamba mswaki umemchubua, anaacha kusugua upande ule. Ukoga unaongezeka, fizi inavimba zaidi, damu inazidi, naye anapata uthibitisho wa alichokidhani. Kwa vijana wengi damu hiyo ni malalamiko ya fizi iliyozungukwa na ukoga, na dawa yake ni kusugua palepale panapotoka damu, kwa mswaki laini, bila kukandamiza, mara mbili kwa siku. Kwa kawaida inakoma ndani ya wiki moja au mbili. Isipokoma, pengine ukoga umeshaganda ukawa ugaga, na ugaga hautoki kwa mswaki; unahitaji kukwanguliwa na daktari. Mkasa wa kuamini kwamba kukwangua ugaga kunalegeza meno safu hii imekwisha kuusikia mara nyingi. Kinachoyalegeza ni ugonjwa wa fizi uliojificha chini ya ugaga huo.

Ya tatu ina nafasi ya pekee kwa wasomaji wa kaskazini mwa Tanzania na wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Vijana waliokulia Arumeru, karibu na Maji ya Chai na Usa River, au katika sehemu za Singida na Manyara, wengi wana meno yenye mistari meupe au madoa ya kahawia. Wakifika shule za mikoa mingine wanataniwa kuwa hawapigi mswaki. Chanzo cha rangi hiyo ni floraidi iliyozidi katika maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na maeneo mengi ya huko yanavuka kiwango hicho mara kadhaa. Magadi ya kulainishia maharage na makande yanaongeza mzigo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba madhara hayo yanatokea jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, tangu utotoni hadi kwenye miaka minane hivi. Kijana wa miaka 15 mwenye madoa alishayapata kabla hajajua kusoma. Hakuna kusugua kutakakoyatoa, kwa kuwa hayako juu ya jino. Yamo ndani ya enameli yenyewe.

Kutoka hapo zinazaliwa hasara mbili. Wapo wanaosugua kwa mchanga, mkaa uliosagwa, majivu au limau, wanaiparua enameli, na baada ya mwaka jino lina doa lilelile pamoja na ganzi ya kila anywapo maji ya baridi. Wapo pia wanaofikia uamuzi wa kukimbia floraidi yoyote, wakanunua dawa ya meno isiyo nayo. Ni kosa linaloeleweka lakini ni kosa. Floraidi iliyomezwa kwa wingi utotoni na floraidi inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota ni mambo mawili tofauti. Ya pili inaingia kwenye tabaka la nje la enameli na kulifanya listahimili asidi kali zaidi kabla ya kuyeyuka. Kijana wa Arumeru anaihitaji kama wa Tanga. Madoa yenyewe yana tiba kwa daktari, kuanzia kung'arisha tabaka la juu hadi kupaka kijazo chenye rangi ya jino.

Mkaa, limau na magadi ya kuokea vimepata soko jipya kwenye video fupi za simu, vikiuzwa kama siri ya meno meupe. Anayesugua limau kwenye meno anafanya kwa mkono wake kile ambacho bakteria walihitaji sukari ili kukifanya. Kuna na kosa dogo la watu waangalifu: kukimbilia mswaki mara tu baada ya kunywa soda au juisi ya ukwaju. Soda aina ya kola ina pH ya karibu 2.5, na iliyoandikwa kwamba haina sukari haina tofauti kubwa katika hilo. Dakika chache baada ya kuinywa, uso wa enameli umelainika, na mswaki unaweza kuukwangua. Kusukutua kwa maji na kungoja nusu saa kunatosha.

Kuhusu mswaki wa mti, ule wa msuaki unaotafunwa ncha hadi uchanue, wajuzi wa pwani hawakukosea. Ukitumiwa vizuri unaondoa ukoga kama brashi ya plastiki, na mti wenyewe una kemikali zinazowapunguza bakteria. Kasoro zake ni mbili: haufiki kirahisi nyuma ya magego ya ndani, ambako vijana ndiko wanakoumia, na hauna kiwango cha floraidi kinachopatikana kwenye dawa ya meno. Anayeutumia mchana na brashi usiku amepata yote.

Mirungi inastahili sentensi chache, kwa kuwa wazazi hupigana nayo kwa sababu nyingine na kuisahau hii. Inakausha mate, na kwa kuwa ni chungu, inatafunwa pamoja na bigijii na kusukumwa na soda kwa saa nyingi. Mdomo mkavu uliojaa sukari kuanzia alasiri hadi usiku wa manane haumwachi mtu salama. Kuberi na vifuko vya nikotini vinavyofichwa chini ya mdomo vinachoma fizi pale vinapokaa na kuifanya isogee, mizizi ikabaki wazi. Na soda inayofunguliwa kwa meno ya mbele ili kuwafurahisha rafiki imevunja meno mengi ambayo hayakuwa na tundu hata moja.

Kinachoweza kufanyika

Kwa kuwa tatizo ni ratiba, tiba ya kwanza haina gharama: kuusogeza utamu uungane na mlo. Soda ikinywewa na chakula cha mchana na ikaisha pale, madhara yake yanajikunja ndani ya madhara ya mlo. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya takriban vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ziwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu inazivuka gramu hizo. Hivyo wingi nao una maana, kwa uzito wa mwili na kisukari, na safu hii haisemi vinginevyo. Lakini kijana aliyeambiwa aache soda kabisa huwa hasikii. Aliyeambiwa ainywe saa saba na asiishike tena ana agizo analoweza kulitekeleza.

Tiba ya pili ni kufunga mdomo usiku. Baada ya mswaki wa mwisho, maji peke yake. Mswaki huo ndio muhimu kuliko wa alfajiri, na familia nyingi zinafanya kinyume: mswaki wa asubuhi kabla ya chai ni kwa ajili ya harufu na adabu, wa usiku unaachwa kwa uchovu. Dakika mbili, dawa ya meno yenye floraidi ya kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, namba ambayo huchapwa nyuma ya tyubu kwa herufi ndogo. Kisha kutema, bila kusukutua kwa maji. Hili la mwisho linawashangaza watu wengi, maana tumelelewa kusukutua mpaka povu liishe. Povu lililobaki ndilo linaloacha floraidi kazini usiku mzima.

Bei isiwe kisingizio cha serikali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na saruji ya kuzibia meno na kimiminika cha fedha na floraidi kinachosimamisha tundu lisiendelee. Kitu kilichomo kwenye orodha hiyo hakipaswi kutozwa kodi kama manukato.

Shuleni, anayepanga menyu ya kantini ndiye daktari wa meno wa kwanza wa wanafunzi, ajue asijue. Karanga, yai la kuchemsha, mihogo ya kuchemsha, tunda zima na maji ya kunywa yasiyo ya kununua vinaweza kuuzwa mapumziko ya saa nne, na vitamu vikaruhusiwa saa ya chakula tu. Biskuti na krispi, ambazo wengi huziona hazina hatia kwa kuwa si pipi, zisiachwe nje ya kanuni hiyo: zinanata kwenye mifereji ya magego na kukaa humo muda mrefu. Kwenye mabweni, dakika kumi za maji na mswaki baada ya prepo, kabla taa hazijazimwa, zingefanya kazi kubwa kuliko kambi ya meno ya mara moja kwa mwaka. Ufilipino imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana: chini ya mpango wao wa afya mashuleni, wanafunzi wa shule za msingi za serikali wananawa mikono na kupiga mswaki kwa pamoja kila siku, wakisimamiwa na walimu, kwenye mabomba ya mabati yanayotengenezwa kwa gharama ndogo.

Kodi nayo inasaidia ikilengwa sukari yenyewe. Afrika Kusini ilianza kutoza vinywaji vyenye zaidi ya gramu 4 za sukari kwa mililita 100 tarehe 1 Aprili 2018. Uingereza ilianza tozo yake ya sukari mwezi uohuo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba idadi ya watoto na vijana wa England waliolazwa hospitalini kung'olewa meno yaliyooza ilishuka kwa takriban asilimia 12 kuliko ilivyotarajiwa. Makampuni yalipunguza sukari kwenye chupa ili kukwepa tozo. Kanda yetu inatoza soda ushuru wa bidhaa, lakini ushuru unaohesabu lita bila kuhesabu sukari haumpi mtengenezaji sababu ya kubadilisha chochote.

Linabaki suala la wale ambao meno yao yameshatoboka. Katika zahanati na hospitali nyingi za wilaya, jino linalouma mwisho wake ni kung'olewa, hata la kijana wa miaka 14 ambalo lingeweza kuzibwa. Sababu inayotajwa ni umeme na mashine. Hapo Tanzania ina historia inayopaswa kuwaudhi wapangaji wa bajeti. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken alipokuwa akifanya kazi Dar es Salaam, yeye na wenzake walianza kutumia njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine, mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha kuziba tundu kwa saruji ya ayonoma ya kioo inayoshikamana na jino na kuachia floraidi. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi ART, ilisambaa duniani, na Shirika la Afya Duniani liliitangaza rasmi tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilikuwa ya afya ya kinywa. Saruji hiyohiyo inaweza kuziba mifereji ya gego la pili kabla halijatoboka, mwanafunzi akiwa amelala juu ya dawati mbili zilizounganishwa. Mtaalamu mmoja wa kinywa akizungukia madarasa ya sita na ya saba ya kata yake kila mwaka, gego hilo linapochomoza, atawakuta karibu watoto wote katika umri unaofaa. Vifaa vya kumtosha vinaenea kwenye mkoba mmoja.